Mizani ya Dukani na Mnepo wa Baharini

Mteja akiingia kwenye duka la vifaa vya kuteleza kwa tanga na kuelekezwa zilipo bumu, karibu kila mara hufanya jambo lile lile. Hukamata moja, huinyanyua, huipimapima kwa mkono mmoja, kisha huirudisha na kunyanyua ya pili. Ile nyepesi ndiyo humtoa tabasamu. Muuzaji naye hana sababu ya kumzuia, maana uzito mkono unaujua papo hapo, na karatasi ya bei inautaja kwa gramu. Sifa ya pili ni ukakamavu, yaani jinsi bumu inavyokataa kunepa ikivutwa. Hiyo aghalabu haiandikwi kwenye karatasi, na kwa kunyanyua tu haijulikani, kwa sababu nguvu zinazoinepesha bumu hazimo dukani. Zipo baharini, upepo ukiwa noti 20 na mtu wa kilo 80 ameining'inia. Matokeo yake watu hununua wepesi wakidhani wamenunua ubora. Kwa maoni yangu utaratibu huo umekaa kichwa chini miguu juu. Kwa watelezaji wengi, cha kuulizwa kwanza ni ukakamavu; gramu zije baadaye, na kwa baadhi yao zisije kabisa.

Kwa ambaye hajawahi kukishika chombo hiki: ubao wa kuteleza kwa tanga una mlingoti mmoja uliofungwa kwa kiungo kinachozunguka pande zote, hivyo tanga haliwezi kusimama lenyewe. Linasimamishwa na mtu. Anachokishika ndicho bumu, bomba mbili zilizopindwa ambazo hulizunguka tanga, moja kila upande, zikaubana mlingoti kwa mbele na kukutana nyuma, ambako kamba huivuta pembe ya tanga hadi likaze. Hoyle Schweitzer na Jim Drake wa California walipoomba hataza ya chombo chao mwaka 1968, bumu ilikuwamo kwenye michoro, na zile za kwanza kuuzwa zilitengenezwa kwa mbao za mtiki, zikafungwa mlingotini kwa kamba. Baadaye ikaja alumini iliyovishwa mpira, kisha kibano cha plastiki badala ya kamba ya mbele, kisha nyuzi za kaboni. Katika safari yote hiyo wepesi ndio uliotangazwa zaidi. Lakini ukitazama kilichobadilisha uendeshaji wenyewe, utakuta kile kibano cha mbele kilifanya kazi kubwa kuliko gramu zozote, kwa kuwa kiliondoa kucheza kati ya bumu na mlingoti. Mtu akivuta, tanga likaitika mara moja. Hiyo ni habari ya ukakamavu, hata kama hakuna aliyeiita hivyo.

Bumu hubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Wa kwanza ni wa tanga lenyewe: kitambaa kilichokazwa kinataka kuivuta pembe ya nyuma irudi mbele kwenye mlingoti, na bomba zile mbili ndizo zinazoizuia. Wa pili ni wa mtu, ambaye amejifunga mkanda wenye ndoano, akaiingiza ndoano kwenye kitanzi cha kamba kilicho kwenye bumu, na kulalia nje kwa mwili wake wote. Mzigo huu unaangukia bomba ya upande mmoja tu, ule uliomwelekea. Kwa kuwa bomba hizo zimepinda tangu kiwandani, mizigo yote miwili inazisukuma kuelekea upande uleule: zinatanuka kwenda nje. Zikitanuka, umbali kati ya mlingoti na pembe ya nyuma unapungua. Umbali ukipungua, kitambaa kilichokuwa kimekazwa kinalegea na tanga linaota tumbo.

Hapo ndipo hasara yenyewe ilipo, na inafaa kuitazama kwa karibu. Upepo unaopiga kwa ghafla huleta nguvu kuliko mtu anavyohitaji. Anachotaka saa hiyo ni tanga bapa, linalopitisha upepo bila kumnyanyua. Bumu inayonepa humpa kinyume chake. Mvumo unapopiga, bomba zinatanuka, tumbo la tanga linaongezeka na kusogea nyuma, na mkono wa nyuma ghafla unabeba mzigo ambao sekunde moja kabla ulikuwa umegawanyika sawasawa kwa mikono yote miwili. Akijibu kwa kuvuta zaidi, bumu inanepa zaidi. Upepo ukipungua, bomba zinarudi mahali pake kama upinde ulioachiwa, tanga linakuwa bapa, na mtu aliyekuwa amelalia nje anajikuta hana kinachomshikilia. Anainuka, anajipanga upya, na mvumo mwingine unamkuta hajakaa sawa. Mteja huyo atarudi ufukweni akisema tanga lake ni gumu kuliendesha, au upepo wa leo ulikuwa wa kubahatisha. Pengine atanunua tanga jingine. Ni wachache watakaoitilia shaka ile bumu nyepesi iliyowafurahisha dukani.

Ushahidi wa wazi zaidi unatoka kwenye mashindano ya Olimpiki. Kuanzia Beijing 2008 hadi michezo ya Tokyo, darasa la ubao wa tanga lilikuwa RS:X, ambapo wanaume walitumia tanga la mita za mraba 9.5 na wanawake 8.5. Upepo ukiwa hafifu, washindani walikuwa wakilivuta na kuliachia tanga mfululizo, kama mtu anayepepea jiko, ili ubao usonge mbele kwa nguvu za misuli yao. Katika kazi hiyo kila sentimita ambayo bumu inanepa ni jasho lililopotea: mkono umevuta, bomba imepinda, tanga bado halijasogea. Darasa lililofuata, iQFoil, ambalo liliingia Olimpiki mwaka 2024 na kushindaniwa Marseille, lina tanga la mita 9 kwa wanaume na 8 kwa wanawake, na ubao wake hupaa juu ya bawa lililo chini ya maji. Hapo tanga likibadilika umbo bila kutarajiwa, chombo chote kinapanda au kushuka. Bumu za michezo kama hii ni za kaboni, nene na pana upande wa mkia, na si nyepesi kuliko zote sokoni. Waliozitengeneza wangeweza kupunguza gramu, wakaamua kuziweka palepale ili zishindane na mnepo.

Sasa hesabu kidogo, maana bila hizo mjadala huu hubaki wa ladha tu. Urefu wa fito una nguvu kuliko watu wanavyodhani: ukipachika mzigo uleule kwenye fito ileile, mnepo hukua kwa urefu kuzidishwa mara tatu kwa wenyewe. Bumu iliyofunguliwa hadi sentimita 200 itanepa zaidi ya mara mbili ya ile ya sentimita 150, hata kama bomba ni zilezile. Kwa hali halisi tofauti inazidi hapo, kwa sababu bumu hurefushwa kwa kuchomoa kipande chembamba cha mkia kutoka ndani ya kile kinene. Kadiri unavyokichomoa ndivyo sehemu nyembamba inavyobeba mzigo zaidi, na ndivyo kipande kinachobaki ndani kushikilia kinavyopungua. Kipenyo nacho kina nguvu za namna hiyo hiyo, ila kwa faida ya mnunuzi. Bomba ya milimita 29 ikilinganishwa na ya milimita 26, zote zikiwa na ukuta wa unene mmoja, inatumia alumini zaidi kwa asilimia 12 hivi, lakini ukakamavu wake umezidi kwa karibu asilimia 40. Kwa maneno mengine, anayekwepa gramu mia mbili au tatu kwa kuchagua bomba nyembamba ameuza kitu kikubwa kwa bei ndogo.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo hayapendi kulifafanua. Bumu za alumini huuzwa kwa daraja za aloi, na ile ya bei ya juu husifiwa kuwa ndiyo inayotumika kwenye ndege. Sifa hiyo ni ya kweli kwa upande wa uimara: aloi ya 7075 iliyokomazwa vizuri kwa joto inavumilia karibu mara mbili ya mzigo ambao ungeipinda moja kwa moja 6061. Lakini uimara si ukakamavu. Kabla ya kufika kwenye kuvunjika au kubaki imepinda, aloi zote za alumini hunepa karibu sawa. Tofauti kati ya hizo mbili haifiki asilimia 5. Kwa hiyo mtengenezaji akitumia aloi imara ili apunguze unene wa ukuta, amepata bumu nyepesi isiyovunjika upesi ambayo inanepa kuliko ile ya bei rahisi iliyo nzito. Mnunuzi amelipa zaidi akapata kilicho laini zaidi. Huo si udanganyifu, kwani hakuna aliyesema uongo. Ni swali tu ambalo halikuulizwa.

Wapo watakaopinga kwamba uzito ni uzito, na mikono ya mtu ni mikono. Anayekaa majini saa tatu hachoki kwa nadharia za mnepo, anachoka kwa kubeba. Pingamizi hili lina mashiko, ila tujiulize anabeba lini. Akishateleza kwa kasi, amejifunga ndoano na kulalia nje, bumu haimlemei. Yeye ndiye anayeilemea bumu. Uzito wa mlingoti na tanga unashukia kwenye mguu wa mlingoti, kisha ubaoni. Uzito unahisiwa wakati wa kulinyanyua tanga kutoka majini, wakati wa kuligeuza upande wa pili, na wakati wa kubeba vifaa kutoka garini hadi ufukweni. Tuchukue la kwanza. Mlingoti, tanga, bumu na kiungo cha chini kwa pamoja hufikia kama kilo 10 kwa mtu wa kawaida, na tofauti kati ya bumu nzuri ya alumini na ya kaboni mara nyingi ni kama nusu kilo. Hiyo ni sehemu moja ya ishirini. Tanga likiwa limelala chini, maji yaliyokaa juu yake yanaweza kuzidi hapo mara kadhaa, na anayejua kulivuta polepole hadi maji yamwagike ameokoa mgongo wake kuliko bumu yoyote ingeweza kumwokolea. Mnepo kwa upande wake hauji mara mojamoja. Unakuwapo kila dakika ya kuteleza, na kila mvumo unamlazimisha mtu kusahihisha kwa mkono kile ambacho bumu imekiharibu. Uchovu wa mikono ambao watu huusingizia uzito, mara nyingi unatoka huko.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza, nami nalikubali kwa kiasi kikubwa. Wanaocheza kwenye mawimbi makubwa, na wale wa mitindo ya kuruka na kuzunguka hewani, hutafuta bumu nyepesi, na si wajinga. Wao tanga hulirusha, hulipindua na kulikamata tena mara nyingi kwa dakika chache, na mara nyingi hawamo kwenye ndoano. Lakini tazama wanatumia nini: matanga ya mita za mraba 4 hadi 5, yanayohitaji bumu ya sentimita 150 hivi. Kwa urefu huo kanuni ile ya kuzidisha mara tatu inawafanyia kazi wao. Bumu fupi imeshakuwa na ukakamavu wa kutosha kabla hata mtengenezaji hajajitahidi, na hapo gramu ndizo zinazobaki kutofautisha. Hali ni hiyo kwa mtoto na kwa mtu mzima mwepesi. Mtu hawezi kulizuia tanga linalovuta kuliko mwili wake unavyoweza kusawazisha. Likizidi, atarushwa au atalilegeza. Hivyo mzigo wa bumu unatawaliwa na uzito wa mwendeshaji zaidi ya ukubwa wa tanga. Mtu wa kilo 50 anainepesha bumu kidogo kuliko wa kilo 90, na bumu inayomlegea mwenzake inaweza kumtosha kabisa. Zaidi ya hayo, mwenye viganja vidogo akipewa bomba nene atachoka vidole, kwa kuwa hawezi kuizungusha mkono sawasawa. Kwake kipenyo chembamba kina maana. Upande wa pili wa mfano huo, ule wa mwili mzito, ni mtelezaji Mfaransa Antoine Albeau, ambaye mwaka 2015 alifikia noti 53.27 kwenye mfereji wa Lüderitz, Namibia. Tanga la mbio za namna ile ni dogo, lakini mwili unaolishikilia na upepo unaolisukuma havimruhusu mtu kuwaza wepesi.

Hapa pwani kwetu pingamizi jingine litakuja kutoka kwa wanaojua vyombo. Watasema foromali ya jahazi, ule mti wa juu unaolibeba tanga, inanepa, na kunepa kwake ndiko kunakoliokoa tanga. Upepo ukizidi, ncha ya juu ya foromali inalegea, upepo unamwagika, chombo hakizami. Kwa nini basi ubao wa tanga ukatae hekima hiyo? Jibu ni kwamba haukuikataa, umeiweka mahali pengine. Katika tanga la pembetatu la ubao, kazi ya foromali inafanywa na mlingoti: mwembamba juu, mnene chini, uliopimwa kiwandani ili ncha yake ipinde kiasi kinacholingana na mshono wa tanga. Mvumo ukipiga, ncha inaenda pembeni, sehemu ya juu ya tanga inafunguka, upepo wa ziada unatoka. Mnepo huo umepangwa, na unapunguza nguvu pale inapotakiwa kupungua. Mnepo wa bumu unaongeza tumbo la tanga pale nguvu imeshazidi. Isitoshe, tanga la jahazi chini yake halina bumu. Kuna demani, kamba ambayo nahodha huilegeza anapotaka. Anayetaka kuiga hekima ya jahazi aangalie anavyolikaza tanga chini ya mlingoti, maana hapo ndipo kunepa kwa ncha kunaporekebishwa, na bumu aiache ikae imara.

Linabaki lile jibu ambalo kila muuzaji analo tayari: nunua kaboni, upate vyote viwili. Ni kweli kwa sehemu. Nyuzi za kaboni zikishagandishwa kwa gundi zina uzito wa kama gramu 1.6 kwa sentimita ya ujazo, dhidi ya 2.7 za alumini, na zikipangwa kufuata urefu wa bomba zinakataa kunepa kuliko alumini. Faida yake kubwa, nionavyo mimi, hata si uzito. Ni kwamba kaboni inaruhusu bomba nyembamba, inayojaa vizuri kwenye kiganja, kuwa kakamavu kama bomba nene ya alumini. Lakini bei yake ni mara mbili, tatu au zaidi, na ndani ya kaboni kwenyewe mvutano uleule unarudi. Mtengenezaji anaweza kuzitumia nyuzi hizo kupata bumu ya kilo 2 yenye ukuta mwembamba, au ya kilo 2 na nusu isiyotikisika, na rangi ya nje itakuwa nyeusi kwa zote mbili. Kaboni ina tabia yake ya kufa pia. Alumini ikizidiwa hupinda, mtu akaona, akarudi ufukweni taratibu. Kaboni iliyogongwa mwambani au kukwaruzwa na ndoano inaweza kuficha ufa, kisha siku moja ikakatika bila kuaga. Alumini nayo si malaika: chumvi inaitafuna, na kunepa mara elfu kwa elfu kunaichosha hadi ipasuke, mara nyingi palepale mkia unapoingia kwenye bomba kubwa au karibu na kibano cha mbele. Bumu inayonepa sana inajichosha mapema. Hata kwa hesabu ya muda wa matumizi, ukakamavu unajilipia.

Kwa mtu wa kilo 75 au 80 anayeteleza Diani au Paje wakati wa kusi, upepo ukiwa noti 15 hadi 20, tanga la kawaida litakuwa la mita za mraba 5.5 hadi 6.5, na bumu itafunguliwa hadi kati ya sentimita 165 na 185. Huyu hayumo kwenye mawimbi ya mabingwa wala kwenye mbio za Olimpiki. Ndiye yule niliyemkusudia tangu mwanzo. Kama mfuko haufiki kwenye kaboni, bumu ya alumini yenye bomba nene ya milimita 28 au 29, iliyopindwa kwa kipande kimoja upande wa mbele badala ya kuungwa, itamfaa kuliko ile nyembamba iliyo nyepesi kwa robo kilo. Achague pia masafa yake vizuri. Bumu inayofunguka kutoka 140 hadi 190 na ile ya 160 hadi 210 zote zinafika sentimita 180, lakini ya pili itafika hapo mkia ukiwa bado ndani kwa sehemu kubwa, na ya kwanza itakuwa imekaribia kuishiwa. Nyongeza ya uzito kati ya hizo mbili ni ndogo, na tofauti ya mnepo inahisiwa mvumo wa kwanza tu.

Dukani penyewe kipimo kinawezekana bila mashine. Bumu mbili zifunguliwe hadi urefu mmoja, ule utakaotumika, si ule wa mwisho. Moja isimamishwe wima, mkia ukiwa juu ya zulia na kibano cha mbele kikishikwa na mtu wa pili, kisha mnunuzi aivute bomba ya upande mmoja kwa uzito wa mwili wake, pale ambapo vitanzi vya kamba vingekaa, na kutazama inavyotanuka na jinsi mkia unavyozunguka. Kisha ya pili, kwa nguvu ileile. Atazame kama kuna kucheza kwenye vifungo vya mkia, kwani vifungo vilivyolegea hupoteza ukakamavu ambao bomba ilikuwa nao. Akinunua iliyotumika, mkia uchomolewe wote; ukikataa kutoka, chumvi na mchanga vimeshaukamata, na hapo ajue bumu hiyo itabaki na urefu huo mmoja.